Katoni ikifunguliwa, lebo hubaki kwa muuzaji

Biskuti, juisi na uji wa watoto vinavyouzwa Jinja na Mbale hubeba sukari kwa majina mengi. Anayeuza kwa kipande ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuyasoma.

MBALE na JINJA — Saa moja asubuhi, maduka ya jumla ya Barabara ya Naboa mjini Mbale yakifunguliwa, kifaa cha kwanza kushikwa ni kisu. Utepe wa katoni unakatwa, pakiti zinatolewa, na boksi tupu linatupwa nyuma ya kaunta. Kufikia adhuhuri biskuti zimo ndani ya ndoo ya plastiki na zinauzwa mbilimbili, peremende zinahesabiwa kiganjani, na vipakiti vya unga wa juisi vinaning'inia mlangoni. Mteja anaondoka na bidhaa. Maandishi yanabaki kwenye boksi, na jioni boksi huwasha jiko la makaa.

Ndivyo sehemu kubwa ya vyakula vinavyopita Busia, Malaba na Lwakhakha inavyomfikia mlaji wa mashariki mwa Uganda: bila lebo.

Kisha anakuja mtoto aliyetumwa dukani. "Mama, bibi amesema nimpelekee juisi isiyo na sukari. Daktari amemkataza."

Muuzaji ananyoosha mkono kwenye chupa yenye picha ya maembe na maandishi makubwa ya kijani. Kama mkono umekwenda kwenye chupa sahihi au la, jibu liko nyuma ya chupa, kwa herufi ndogo.

Ombi la mtoto huyo si la ajabu tena katika ukanda huu. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, wilaya zinazopakana na barabara kuu ya kutoka Jinja kwenda mpakani, ulichapishwa mwaka 2013 na kuonyesha kuwa asilimia 7.4 ya watu wenye umri wa miaka 35 hadi 60 walikuwa na kisukari. Mwaka uliofuata uchunguzi wa kitaifa ulipata kiwango cha asilimia 1.4 kwa watu wazima wa nchi nzima, lakini ukagundua pia kwamba karibu nusu yao hawakuwa wanajua kuwa wanaumwa. Kwa hiyo kwa kila mteja anayeuliza, huenda yupo mwingine ambaye angepaswa kuuliza lakini hajui.

Nchi ya miwa

Mashariki mwa Uganda si mahali pa kuisema sukari vibaya. Ukitoka Jinja kuelekea Iganga, mashamba ya miwa ya Kakira yanaandamana na barabara. Kiwanda cha hapo kilianzishwa na familia ya Madhvani mwaka 1930. Katika Busoga muwa ni ada ya shule, ni mabati ya nyumba, ni mshahara wa dereva wa trekta.

Shida haiko kwenye sukari ambayo mtu anaichota mwenyewe. Anayetia vijiko vitatu kwenye kikombe cha chai anajua ametia vitatu. Shida iko kwenye ile iliyotiwa kiwandani, ndani ya mkate, mtindi wenye ladha, mchuzi wa nyanya, siagi ya karanga, unga wa uji na maziwa ya unga ya bei nafuu. Hiyo haionekani, na mara nyingine hata ulimi hauitambui, kwa sababu imefichwa na chumvi au siki.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali, shira na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati anayokula mtu kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni takriban gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai. Ikishuka hadi gramu 25, linasema shirika hilo, faida kwa afya ni kubwa zaidi.

Sasa chukua soda yenye gramu 11 za sukari katika kila mililita 100, kiwango cha kawaida kwa soda nyingi. Chupa ya kioo ya mililita 300 ina gramu 33, yaani zaidi ya vijiko 8. Chupa ya plastiki ya nusu lita ina gramu 55. Mtu amemaliza kiwango chake cha siku nzima kabla ya kuonja chai ya jioni. Lebo haikudanganya. Iliandika "gramu 11", ila iliandika kwa mililita 100, na hakuna mtu anayekunywa mililita 100 za soda.

Cha kwanza ndicho kingi

Vyakula vilivyofungwa vinavyouzwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinatakiwa kufuata kiwango cha pamoja kiitwacho EAS 38. Kiwango hicho kinafuata kwa karibu kanuni za Codex Alimentarius, chombo cha pamoja cha WHO na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO. Kanuni yenye manufaa makubwa kwa mfanyabiashara ni hii: viambato vinaorodheshwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Kiambato kilichoandikwa cha kwanza ndicho kilichotiwa kwa wingi kuliko vyote.

Kwa hiyo kama unga wa kinywaji cha kakao umeandikwa sukari kwanza na kakao baadaye, anayeununua ananunua sukari yenye kakao. Haihitaji maabara kulijua hilo.

Lakini kanuni hiyo ina mlango wa nyuma. Tuseme kiwanda kinatengeneza biskuti, na katika kila gramu 100 za viambato kuna unga gramu 34, sukari gramu 18, mafuta gramu 17, shira ya glukosi gramu 10, fruktosi gramu 8, na vingine gramu 13. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kwenye lebo unga utakaa wa kwanza, na msomaji wa haraka ataridhika. Jumlisha sukari, shira na fruktosi: gramu 36. Sukari ndiyo ilipaswa kuongoza, ila imegawanywa katika majina matatu na kila jina limekaa mahali pake.

Ndiyo maana inafaa kuyajua majina yenyewe kama yanavyochapishwa, kwa kuwa vifurushi vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Maneno yanayoishia na -ose karibu yote ni sukari: sucrose, glucose, fructose, dextrose, maltose. Kila palipoandikwa syrup, hiyo ni shira. Invert sugar, molasses, jaggery, cane juice na honey ni sukari, molasi, sukari guru, maji ya miwa na asali. Fruit juice concentrate ni juisi iliyopunguzwa maji hadi ikabaki nzito na tamu. Maltodextrin kisheria si sukari bali ni wanga uliovunjwavunjwa, lakini hupandisha sukari mwilini upesi, hivyo mgonjwa wa kisukari anahitaji kujua kwamba imo.

Katika jedwali la virutubisho kuna mstari unaosema sugars au total sugars. Mstari huo unachanganya sukari ya asili na ya kuongezwa. Mtindi usiotiwa kitu una gramu 4 hadi 5 za sukari ya maziwa katika kila gramu 100. Ukikuta mtindi wa ladha ya stroberi wenye gramu 12, gramu 7 au 8 zimetoka mahali pengine.

Chupa ya bibi

Sasa turudi kwa mtoto aliyetumwa. Kwenye rafu moja kuna chupa tatu zenye picha ya embe ileile, lakini chini ya picha kuna maneno tofauti. Palipoandikwa nectar, maji yameongezwa kwenye tunda, na sukari au kiongeza utamu kinaruhusiwa. Palipoandikwa fruit drink au fruit flavoured drink, tunda linaweza kuwa kidogo sana, na utamu umetoka kwingine. Palipoandikwa juice, tunda ndilo msingi, lakini orodha ya viambato bado inatakiwa kusomwa, kwa maana kanuni za Codex zinaruhusu sukari kuongezwa hata hapo kwa masharti.

Yapo pia maneno mawili yanayochanganywa kila siku sokoni. Sugar free, kwa kanuni za Codex, maana yake sukari haizidi nusu gramu katika kila gramu au mililita 100. No added sugar maana yake ni kwamba kiwanda hakikuongeza sukari, wala hakikutia juisi nzito ili ifanye kazi ya sukari. Haimaanishi kwamba kinywaji hakina sukari. Juisi ya embe au ya nanasi inaweza kuwa na gramu 10 au zaidi katika kila mililita 100, zote za tunda lenyewe. Kwa mwili wa bibi, glasi hiyo haiko mbali na soda.

Muuzaji aliyempa mtoto chupa ya no added sugar kwa nia njema hakudanganya. Lakini bibi atakunywa chupa nzima akiamini ametii amri ya daktari.

Jina moja, sukari mbili

Kwa wanaoleta bidhaa kutoka nchi mbalimbali, kuna somo kutoka kwa uji wa watoto. Aprili 2024 shirika la Uswisi la Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN, walichapisha uchunguzi kuhusu vyakula vya watoto vya kampuni ya Nestlé. Walisema uji wa ngano wa Cerelac wa watoto wa miezi sita ulikuwa hauna sukari ya kuongezwa Ujerumani na Uingereza, lakini nchini Ethiopia ulikuwa na zaidi ya gramu 5 kwa mlo mmoja, na Thailand gramu 6. Kampuni ilijibu kuwa inafuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari katika bidhaa hizo.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni rahisi. Kopo lenye jina lilelile na rangi zilezile, moja limetoka Ulaya na jingine limetengenezwa kwa soko la Afrika, yanaweza kuwa vyakula viwili tofauti. Mama anayesema "nipe kama lile la juzi" anastahili kuambiwa kama si lile la juzi. Kinachotofautisha makopo hayo ni orodha ya nyuma na mstari unaosema yametengenezwa wapi.

Namba za 950

Sukari ikipanda bei, viwanda hugeukia viongeza utamu. Kwenye lebo huandikwa neno sweetener likifuatiwa na jina au namba: 950 ni acesulfame potassium, 951 ni aspartame, 952 ni cyclamate, 954 ni saccharin, 955 ni sucralose, 960 ni utamu wa mmea wa stevia. Bidhaa za Ulaya hutanguliza herufi E. Aspartame ni tamu mara 200 hivi kuliko sukari, na sucralose mara 600. Gramu moja inaweza kufanya kazi ya zaidi ya nusu kilo.

Je, ni sumu? Julai 2023 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani uliiweka aspartame katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani, kwa ushahidi finyu. Wakati huohuo kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilibakiza kiwango chake cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa makadirio ya miligramu 200 hadi 300 kwa kopo la soda, mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 kwa siku ili kuuvuka mpaka huo, kama hapati aspartame kwingine.

Hesabu hiyo ilifanywa kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 15 anafika kwenye mpaka wake kwa makopo mawili au matatu. Na wateja wa vinywaji vya bei ya chini vinavyouzwa karibu na shule ni watoto. Mei mwaka huohuo WHO ilikuwa imeshatoa ushauri kwamba viongeza utamu visitumike kama njia ya kupunguza uzito, kwa kuwa faida yake ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kuwa na kisukari.

Kwa mwenye stoo kuna jambo jingine. Aspartame huharibika taratibu ndani ya kinywaji, na joto huharakisha. Kreti zilizokaa wiki kadhaa chini ya turubai juani zinaweza kupoteza utamu kabla ya tarehe iliyochapishwa. Mteja akirudisha chupa akisema "hii imechuja", huenda hakukosea.

Kuna siku pia ambayo kutojua namba hizi kunaweza kumdhuru mtu. Dereva wa lori anayetumia insulini amekwama kwenye foleni ya Malaba bila kula. Anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, maneno yanampotea. Sukari yake imeshuka. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, anahitaji sukari halisi upesi: soda ya kawaida, glukosi, au sukari iliyokorogwa kwenye maji, kisha msaada wa hospitali. Akipewa kinywaji kilichotiwa utamu kwa namba za 950 peke yake, ulimi utaonja utamu lakini damu haitapata kitu. Katika duka la kando ya barabara, tofauti ya chupa hizo mbili iko kwenye maandishi ya nyuma.

Mpakani lebo ni hati

Wengi wanaijua nafuu ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Wanaosahau ni kwamba nafuu hiyo ni ya ushuru. Haiondoi masharti ya ubora na usalama wa chakula.

Hapo ndipo alama ya ubora inaposaidia. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora na upimaji imeweka msingi wa alama ya nchi moja kutambuliwa katika nchi nyingine. Bidhaa yenye alama ya KEBS ya Kenya au TBS ya Tanzania haipaswi kuanza upya inapofika Uganda, kama vile yenye alama ya UNBS haipaswi kuanza upya Nairobi. Lakini alama inasema bidhaa imetimiza kiwango chake. Haisemi ina sukari kidogo. Soda yenye gramu 11 na maji ya kunywa vinaweza kubeba alama ileile.

Bidhaa zenye maandishi ya lugha isiyoeleweka na mnunuzi zina kanuni yake katika Codex: ibandikwe lebo ya nyongeza au bidhaa iwekwe lebo upya, na yaliyoandikwa yalingane kabisa na lebo ya asili. Kazi hiyo ni ya mwingizaji mwenye nyaraka za kiwanda. Mchuuzi anayebandika karatasi yake mwenyewe kwa kukisia anajitafutia kesi. Mwenye shaka anaweza kuuliza UNBS, yenye ofisi ya kanda ya mashariki hapahapa Mbale, kabla fedha haijafungwa kwenye katoni.

Upande mmoja wa boksi

Linabaki swali la ndoo ya biskuti. Kwa kanuni za Codex, vifurushi vidogo sana, ambavyo upande wake mkubwa haufiki sentimita 10 za mraba, vinaweza kusamehewa orodha ya viambato. Peremende moja haina mahali pa kuiandika. Biskuti iliyotolewa kwenye pakiti haina lebo yoyote. Katika biashara ya rejareja ya Jinja na Mbale, ambako mteja hununua kwa mia tano na kwa elfu, boksi ndilo karatasi pekee yenye ukweli wote, na mwenye boksi ni muuzaji.

Suluhisho halihitaji mtaji. Kisu kilekile kilichofungua katoni kinaweza kukata upande wenye orodha ya viambato, jedwali, nchi ilikotengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kipande hicho kinatobolewa tundu na kutundikwa msumarini juu ya ndoo yake. Mzigo mpya ukifika, kipande kipya kinachukua nafasi ya cha zamani, na tofauti kati ya viwili hivyo inaonekana papo hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kipande hicho cha boksi ni ukurasa wa daftari. Siku mkaguzi akiingia, au mteja akirudi na malalamiko, duka lina cha kuonyesha.

Mtoto akirudi tena na ombi la bibi, muuzaji ana la kumjibu. Anaweza kuigeuza chupa, kuweka kidole kwenye mstari wa sugars na kumwambia: "Mwambie bibi hii haikuongezwa sukari, lakini ya embe imo, gramu 10 kwa kila sehemu 100. Hii nyingine haina sukari, utamu wake ni wa namba 955. Na maji haya hayana chochote. Achague yeye." Mtoto atakwenda mbio na kurudi. Huenda duka likauza chupa ya maji badala ya juisi siku hiyo, na faida ikapungua kidogo. Lakini bibi atamtuma tena dukani hapohapo, kwa maana ndipo alipopewa jibu la kweli.